Sura ya Saba: Dhoruba Ndani ya Simu ya Upepo

Katika jalada la kifo cha Mashavu binti Amri kulikuwa na sentensi moja iliyoichekesha ofisi ya upelelezi kwa wiki mbili. Aliyeiandika ni Inspekta Kudra mwenyewe, kwa mwandiko ulionyooka wa mtu aliyekula maharage ya shule ya bweni miaka sita na kunusurika. Sentensi yenyewe ilisema: "Mtuhumiwa anadai kwamba dhoruba ilikuwa ndani ya simu."

Koplo Mudrick aliipenda kuliko wote. Kila asubuhi aliitoa simu yake ya mkononi, akaitikisa, akaiweka sikioni, kisha akautangazia umma, kwa huzuni ya mtu anayesoma taarifa ya msiba, kwamba leo kuna manyunyu upande wa kushoto.

Mtuhumiwa alikuwa nesi Muzdalifa, mhudumu pekee wa zahanati ya Mikandaani, kisiwa kilichojificha ndani ya delta ambako mtandao wa simu za mkononi haufiki. Zahanati ilikuwa na kitanda kimoja cha kuzalia na simu ya upepo iliyofungwa kwenye betri ya gari. Mjamzito akizidiwa, nesi huita kwa simu hiyo chumba cha uratibu mjini Kibiti, na Kibiti huiamuru boti ya wagonjwa itoke Nyamisati. Ijumaa ya tarehe kumi Mei, Mashavu alijifungua saa mbili usiku, akaanza kutoka damu. Boti haikuja. Saa tano mumewe, Twalibu, alimlaza ndani ya mtumbwi. Maji yalikuwa yamekupwa, akawa anausukuma mtumbwi kwenye tope huku akizungumza naye. Hajui ni wapi alipoanza kuzungumza peke yake.

Mtoto yuko hai. Analelewa na shangazi.

Kesi ilikuwa nyepesi. Katika daftari la zahanati Muzdalifa aliandika: "Saa mbili, dhoruba. Saa tatu, dhoruba. Saa nne, dhoruba." Kimbunga kilikuwa kimepita wiki moja kabla, lakini watu wa hali ya hewa walithibitisha kwamba Ijumaa hiyo hapakuwa na upepo wa kutikisa hata kanga kambani. Na daftari la Kibiti, kwa saa zile zile, lilisema: "Mikandaani, sauti safi." Kwa hiyo simu ilikuwa inafanya kazi, nesi hakuita, akatunga hali ya hewa ili ajifiche. Jumatatu angefikishwa mahakamani kwa kusababisha kifo kwa uzembe.

"Umeandika dhoruba," Kudra alimwambia siku ya mahojiano. "Mvua ilinyesha?"

"Hapana, afande."

"Upepo?"

"Wa kawaida tu."

"Sasa dhoruba ilikuwa wapi?"

"Ndani ya simu, afande."

Mudrick, aliyekuwa anakunywa chai, aliirudisha kikombeni kwa njia ya pua.

Muzdalifa alijaribu mara moja tu zaidi. "Ni simu ya upepo, afande. Isipopatwa na dhoruba ipatwe na nini?"

Kudra alidhani anafanyiwa kejeli. Alifunga daftari kwa taadhima zote, na maelezo yakawa yameishia hapo.

*

Alhamisi asubuhi, siku nne kabla ya mahakama, mkulima mmoja wa Mahege aitwaye Ismaily aliingia ofisini akiwa amekumbatia kigingi cha mpaka wa shamba kama mtu aliyebeba mtoto mgonjwa. Nyuma yake alikuja kijana mrefu mwenye sanduku la njano. Huyo alikuwa Abdulrazaq, mpima ardhi.

"Mama afande, huyu mwizi," Ismaily alisema kabla ya salamu. "Kaniibia hatua nane za mpunga. Kigingi kakichimbia katikati ya jaruba langu! Mpaka wa babu yangu upo pale kwenye mkwaju, hata mbuzi wanaujua."

"Na wewe umeking'oa," Kudra alisema. "Kung'oa kigingi cha mpaka ni kosa."

"Sijaking'oa. Nimekisindikiza kije kujieleza."

Abdulrazaq aliweka sanduku sakafuni. "Afande, mimi sikuiba. Nilikosea, na nimerudi kurekebisha. Mwizi gani anarudi na kipimo?"

"Ulikoseaje hatua nane?"

"Kulikuwa na dhoruba, afande. Ijumaa ile ya tarehe kumi. Vipimo vyote nilivyokusanya usiku ule vikaharibika, na mimi sikuvikagua. Jumamosi nikavitumia hivyo hivyo."

Mudrick alikuwa ameshaitoa simu mfukoni, ameshaipeleka sikioni. Kudra aliinua kidole. Simu ikabaki hewani.

"Mvua ilinyesha?" Kudra aliuliza polepole.

"Hapana."

"Upepo?"

"Hata kidogo."

"Sasa dhoruba ilikuwa wapi?"

Mpima ardhi alielekeza kidole kwenye feni ambayo haijawahi kuzunguka tangu ifungwe. "Juu. Kilomita kama mia tatu hivi."

Hakuna aliyecheka, ila Ismaily, na yeye alicheka kwa hasira.

"Eleza," alisema Kudra, akavuta karatasi. "Eleza kama unamweleza mtu wa Mbwara, maana ndiko nilikozaliwa."

Abdulrazaq alieleza. Kule juu kuna hewa ambayo jua limeipiga mpaka ikawa na umeme ndani yake, ikatanda kama paa. Mawasiliano ya setilaiti hulipenya paa hilo yakishuka kwenye mashine za kupimia. Simu za upepo hulitegemea kwa namna nyingine: sauti hurushwa juu, ikagonga paa, ikashuka mbali. Sasa, watu wanaoishi karibu na Ikweta paa lao lina matatizo yake. Jioni jua likishazama, linanyanyuka, na usiku mwingine linatoboka mapovu. Siku nyingi mapovu hayaleti maafa.

"Lakini wiki ile jua lilitapika," alisema. "Limetapika kweli kweli, likaipiga sumaku ya dunia nzima. Ulaya watu waliona mataa ya rangi mbinguni, wakapiga picha, wakapelekeana. Sisi huku hatukuona kitu. Nyota tu. Paa letu lilisukumwa likachanikachanika na hakuna aliyejua isipokuwa mashine."

"Na hiyo mnaiita dhoruba?"

"Wataalamu wenyewe ndivyo wanavyoiita, afande. Dhoruba ya sumaku."

Kudra aliandika neno hilo, akalipigia mstari. "Ushahidi?"

Abdulrazaq alifungua kompyuta. Ijumaa ile aliiacha mashine yake juu ya zege, uani mwa ofisi ya kata, chini ya ulinzi, ikusanye vipimo usiku kucha. Kwenye kioo kulikuwa na nukta nyekundu iliyoonyesha mahali mashine ilipo. Kuanzia saa kumi jioni nukta ilikaa mahali pamoja kama mwanafunzi mbele ya mwalimu mkuu. Ilipofika saa mbili usiku na dakika chache ikaanza kutembea. Ikaenda kaskazini, ikarudi, ikapotea kabisa, ikaibukia shambani kwa watu.

"Zege halitembei, afande," alisema. "Ila usiku ule, kwa hesabu za mashine, lilizurura mpaka alfajiri."

"Mtu aliye Kibiti na mtu aliye ndani ya delta. Simu ya upepo. Saa mbili, saa tatu, saa nne. Wangesikiana?"

"Kule mikoko na umbali vinazuia sauti kwenda moja kwa moja. Lazima ipigwe juu. Usiku ule ingepigwa juu isirudi. Wangesikia mvumo tu, kama mtu anakaanga dagaa. Pengine neno moja moja, kwa bahati."

"Sauti safi? Mara tatu mfululizo?"

"Labda kama waliongea dirishani."

Mudrick aliishusha simu, akaifunika kwa kiganja mezani, kana kwamba ilikuwa inamtazama.

"Na mpunga wangu?" Ismaily aliuliza.

"Utapimiwa upya leo," Kudra alisema akisimama. "Kigingi kiache hapa. Kimeshajieleza."

*

Kabla ya kutoka alimpigia Haruni, nahodha wa boti ya wagonjwa kule Nyamisati. Maswali yalikuwa mawili.

"Mikandaani ni mwendo gani kwa boti yako?"

"Saa moja na nusu, afande. Kurudi ningepita mkondo mkubwa, ule haukauki."

"Usiku ule ulikuwa wapi?"

"Gatini. Mafuta yamejaa, ufunguo nimeuvaa shingoni. Nimelala ndani ya boti mpaka asubuhi. Hakuna aliyeniita."

Chumba cha uratibu kilikuwa nyuma ya duka la magodoro, karibu na stendi. Mradi wa Mama Afike ulikipanga miaka mitatu iliyopita ukakiwekea simu ya upepo, saa kubwa ya ukutani na bango lenye kanuni tano. Mwangalizi wake, Mashaka, alikuwa mtu nadhifu aliyevaa shati lenye mstari wa pasi unaoweza kukata nyanya. Kudra alikuwa amemsifu ndani ya jalada: "shahidi makini."

"Karibu, afande, karibu kiti. Tunakamilisha? Maana nasikia Jumatatu ndiyo siku."

"Tunakamilisha. Nionyeshe tena unavyofanya kazi."

Mashaka alionyesha kwa furaha. Kila baada ya saa moja, kuanzia asubuhi mpaka saa sita usiku, anaita vituo sita vya delta kimoja kimoja. Kituo kikiitika, anaandika. Alilifungua daftari kwenye Ijumaa ya tarehe kumi. Mistari ilinyooka. Mikandaani, saa mbili usiku, sauti safi. Saa tatu, sauti safi. Saa nne, sauti safi.

"Nesi anasema kulikuwa na dhoruba," alisema Kudra.

Mashaka alitabasamu, habari ya manyunyu ilikuwa imeshafika mpaka stendi. "Yule dada anakuchezea, afande. Hata kidogo. Sauti ilikuwa kama mtu yuko hapo ulipokaa wewe."

"Hakuna mvumo?"

"Mvumo wa nini? Safi kabisa."

"Utaapa hivyo mahakamani?"

"Hata sasa hivi, wallahi."

Kudra aliandika neno kwa neno, akampa asaini, naye akasaini kwa mkwaju mrefu wa kalamu. Kisha Kudra alilivuta daftari la uratibu upande wake. Alipokuwa kidato cha tatu kulikuwa na daftari la zamu bwenini, na kila Jumapili jioni kiranja wao alilijaza la wiki nzima iliyofuata kwa kalamu moja: taa zimezimwa, wote wamo, hakuna tatizo. Alhamisi moja jiko liliungua. Daftari la Alhamisi hiyo lilisema hakuna tatizo.

Alifunua kurasa mpaka za wiki hii. Jumatatu. Jumanne. Jumatano. Mashaka alinyoosha mkono.

"Huko hakuna kitu, afande, ni za juzi juzi tu—"

Alhamisi, leo. Mstari wa mwisho ulisema: "Saa sita usiku. Mikandaani, sauti safi."

Kudra alitazama saa ya ukutani. Ilikuwa saa sita kasorobo mchana. Zahanati ya Mikandaani ilikuwa imefungwa tangu alipomkamata nesi wake.

"Mashaka," alisema, "hii sauti safi ya usiku wa leo ni ya nani?"

Nje muuza duka alikuwa anapiga godoro kumwonyesha mteja kwamba halina vumbi. Walilisikiliza godoro likipigwa.

"Kila mtu anafanya hivyo," Mashaka alisema mwishowe. "Afande, vituo sita kila saa, siku nzima, mwaka wa tatu huu. Hakuna kinachotokea. Mtu unajaza asubuhi ili upumue."

"Ijumaa ile ulipumulia wapi?"

"Kibanda umiza. Mpira. Nilitoka saa moja na nusu, nikarudi saa tano, nikakuta simu inavuma tu. Nikaizima."

"Ukaizima."

"Ilikuwa inapiga kelele."

Kudra aliandika. Mashaka alimwangalia akiandika, na taratibu uso wake ukapata matumaini, matumaini ya mtu aliyeona mlango wa nyuma.

"Lakini subiri, afande. Subiri kwanza. Umeniuliza mvumo. Kumbe mvumo ulikuwepo kweli! Yaani dada wa watu aliita, simu haikupitisha. Sasa hata ningekaa hapa, hapa hapa, nimeganda kama sanamu, ningesikia nini? Nisingesikia kitu! Kwa hiyo mimi na yeye wote hatuna kosa. Ni hayo mambo ya... ni kazi ya Mungu."

Ilikuwa hoja nzuri. Kudra alikiri hivyo baadaye ndani ya jalada, kwa haki. Ila hapo hapo aliinuka akalisogelea bango la ukutani.

"Soma kanuni ya nne."

"Naijua."

"Isome."

Mashaka alisoma kwa sauti ya mtoto aliyeitwa mbele ya darasa: "Kituo kisipoitika mara mbili mfululizo, usisubiri. Boti iende."

"Usingemsikia yeye," Kudra alisema. "Ungesikia kimya. Saa mbili kimya, saa tatu kimya. Saa tatu na dakika tano unampigia Haruni simu ya mkononi, maana Nyamisati mtandao upo. Saa nne unusu yuko Mikandaani. Saa tano, wakati Twalibu anampakia mkewe kwenye mtumbwi, Mashavu angekuwa tayari njiani kuja hospitali kwa boti. Kanuni hii iliandikwa kwa ajili ya mtu asiyeweza kuita. Kazi yako haikuwa kusikia sauti tu, Mashaka. Ilikuwa pia kusikia kwamba haipo."

Mashaka alikaa. Mstari wa pasi ukavunjika.

"Na huku," Kudra aliongeza akilifunga daftari, na hapa sauti yake haikuwa ya kiofisi tena, "uliandika sauti safi, na mimi nikaisoma, nikaiamini. Ilikuwa imenyooka mno."

*

Muzdalifa alikuwa nje kwa dhamana, na kila siku saa tisa alipaswa kuripoti ofisini. Alikuja saa tisa kamili, buibui limefifia mabegani, akaenda moja kwa moja kwenye daftari la kuripoti na kusaini bila kuangalia mtu. Wiki mbili zilitosha kumfundisha mahali kalamu inapofungwa.

"Kaa, dada Muzdalifa," Kudra alisema.

Alikuwa hajamwita hivyo hata siku moja. Muzdalifa alibaki amesimama.

Kudra alimweleza. Mpima ardhi, nukta iliyotembea, daftari lililojazwa mapema, kanuni ya nne. Mashaka yuko chini ya ulinzi. Barua ya kuomba shauri dhidi ya Muzdalifa liondolewe imeshapelekwa kwa mwendesha mashtaka. Alieleza vizuri, kwa mpangilio, kama mtu anayepanga vyombo baada ya kumwaga chakula.

Muzdalifa alisikiliza mpaka mwisho.

"Kumbe mbinguni nako wanaita dhoruba," alisema. "Sisi tuliikuta kwa wazee wa simu wa zamani. Ikivuma, wanasema leo simu ina dhoruba. Sikujua kama kuna watu hawajui."

"Nilipaswa kuuliza."

"Uliuliza, afande. Uliniuliza, nikakujibu." Alivuta pumzi. "Walipomsomea Mashavu hitima nilikaa nje ya uzio. Twalibu alitoka akaniambia, afande mwenyewe kaniambia hukuita. Niliita mpaka betri ikafa. Nilikuwa namkandamiza tumbo kwa mkono huu, naita kwa mkono huu."

"Nitakwenda Mikandaani kesho. Nitamwambia mwenyewe."

"Mwambie. Sijui kama atakusikia."

Kudra alisukuma jalada mbele. "Nimeandika maelezo mapya. Usome, usaini."

Muzdalifa aliyasoma yote, akafunua nyuma, akarudi kwenye maelezo ya kwanza. Kidole chake kikasimama kwenye sentensi moja.

"Hii itafutwa?"

"Jalada halifutwi. Napitisha mstari, natia saini pembeni."

"Itaendelea kusomeka."

"Ndiyo."

"Basi isome," alisema Muzdalifa. "Kwa sauti. Kama mlivyokuwa mnaisoma."

Mudrick aliinamisha kichwa juu ya meza yake kana kwamba kuna kitu amekipoteza kwenye mbao. Karani wa mapokezi aliacha kugonga mihuri. Kudra alisimama, akalishika jalada kwa mikono miwili, akasoma:

"Mtuhumiwa anadai kwamba dhoruba ilikuwa ndani ya simu."

Muzdalifa alikuwa ameinamisha shingo kidogo upande mmoja, macho kayafumba nusu, kama wanavyofanya watu wa delta wanapotega sikio kwenye simu ya upepo kutafuta sauti ndani ya mvumo. Ofisini hapakuwa na mvumo. Hapakuwa na kitu.

Alifumbua macho, akatazama saa ya ukutani.

"Mara ya pili," alisema. "Kimya cha mara moja hakihesabiki."

Kudra akasoma tena.